Nilimuua Chuma Pale Darajani

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usipoteze muda kunitafutia sababu. Nilimuua mtu wa mchezo, mtu wa kubuni asiye na nyama wala damu, kisha mtu mwenye nyama na damu akafa nyuma yake.

Wewe unayesoma hunijui na mimi sikujui. Ndiyo maana naweza kukuambia. Mama yangu mzazi sijamwambia.

Mimi ni muuguzi. Nafanya kazi wodi ya kifua kikuu katika hospitali moja upande huu wa mpaka, kati ya Busia na Malaba. Mgonjwa wetu halali siku mbili akaenda zake. Anakaa miezi. Asubuhi ni sindano na vidonge, tena avimeze mbele yangu. Baada ya hapo siku nzima ni kukaa verandani, kuota jua na kutema kwenye kikopo.

Wiki zikipita, homa inashuka. Mwili unarudi. Mtu anaanza kujiona mzima, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu si mzima! Ugonjwa umelala tu. Akiacha dawa wakati huo, unaamka na hasira.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa haikuwa sindano. Ilikuwa kumfanya mtu aliyechoka kukaa aendelee kukaa.

Kulikuwa na kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, alifanya kazi maabara kwetu mwaka mmoja. Alipoondoka aliniachia mchezo. Vitabu vidogo vya Kiingereza, na dadu za ajabu ambazo sijawahi kuona duka lolote la Busia, moja ina pande ishirini. Si mchezo wa ubao. Kila mchezaji anajitengenezea shujaa na kumpa jina. Msimamizi anasimulia njia wanayopita na maadui wanaokutana nao. Wachezaji wanasema, mimi nafanya hivi, mimi nafanya vile, halafu dadu inaamua kama wameweza. Kila shujaa ana kiasi fulani cha uhai, na kila pigo linapunguza. Wagonjwa wangu waliuita uhai huo pumzi. Ukiishiwa pumzi, umekufa.

Yule kijana alinifundisha kusimamia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Wewe kupima," aliniambia. "Adui rahisi, wao lala. Adui kubwa sana, wao kufa. Wewe tafuta katikati."

Nikatafuta katikati. Nilikuwa hodari, nakuambia! Nikiwa napanga vitanda, kichwa changu kilikuwa kinapima. Fisi wangapi wanatosha watu watatu? Kama mmoja wao amejeruhiwa, nipunguze? Nilijua kuwafikisha mahali pumzi imebaki kidogo, jasho linawatoka, halafu mlango unafunguka. Mbali kidogo na veranda ungesikia kelele ukafikiri ni redio ya mpira.

Walikuwa watatu. Mama Nekesa, mkulima wa Bukhayo, shujaa wake alikuwa mwanamke wa mishale jina lake Nabwire. Alikataa uchawi kabisa. "Mimi nimeokoka, Sista. Nipe upinde." Mazimwi yangu aliyaita amanani, kama alivyoyasikia kwa nyanya yake, na aliyaogopa kwelikweli.

Wa pili alikuwa Mzee Etyang, katekista kutoka upande wa Malaba. Yeye alikuwa mganga wa maombi, anayewarudishia wenzake pumzi. Hakutaka kubuni jina. Mchezoni aliitwa Etyang, na nje ya mchezo aliitwa Etyang.

Wa tatu alikuwa Muli. Dereva wa lori, mtu wa Machakos, mrefu, mcheshi. Waliomleta walimtoa kwenye foleni ya Malaba akikohoa damu kwenye usukani. Shujaa wake aliitwa Chuma, mtu wa upanga, hana mke, hana tajiri wa kumtuma, hajui kurudi nyuma. Muli alimpenda Chuma. Alipokuwa akimeza vidonge alikuwa anasema, "Hii moja ni yangu, hii ingine ya Chuma."

Mimi walikuwa wananiita Serikali, kwa sababu mchezoni kila kitu kinatoka kwangu.

Safari yao ilikuwa kuvuka mto mkubwa, kuwarudisha watu wa kijiji cha Nabwire waliochukuliwa na mazimwi. Mto huo nilikuwa nimeusogeza mbele kwa miezi. Kila wakikaribia, naweka kilima. Niliusogeza kwa makusudi, maana nilijua Muli anaungoja. Alishamwambia Mama Nekesa, "Nikishaona huko ng'ambo, ndiyo nitaenda. Kabla ya hapo siendi." Mama Nekesa akaniambia, nikafurahi. Nikajua namshikilia kwa kamba ambayo haonekani kuiona.

Nilijua! Usije ukasema sikujua.

Siku moja matroni alikuwa anapita wodini na wanafunzi wake. Haya yalikuwa kabla vita havijaanza kule Uganda, wakati kahawa inapita mpakani usiku na mchana na kila tajiri anatafuta dereva. Mwenzake Muli wa gari, mzee mmoja aitwaye Kioko, alikuwa amepita kwenye ua kumwambia kwamba tajiri wao amechoka kungoja. Muli akanigeukia mbele ya watu wote.

"Sista, mimi nimepona. Angalia." Akajipiga kifuani. "Hii kifua imenyamaza kabisa."

"Imenyamaza kwa sababu ya dawa."

"Basi dawa imefanya kazi. Asante. Niandikie niende."

"Huendi popote. Nimesema."

Akacheka. "Nimesema! Sikieni Serikali! Sista, wewe ni serikali ya dadu. Nje ya hii veranda huwezi kusimamisha hata baiskeli."

Wanafunzi wakacheka. Matroni akacheka. Mgonjwa aliyeletwa jana yake, ambaye hata kukaa hawezi, naye akacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda kuchemsha sindano ambazo nilikuwa nimeshazichemsha.

Ilikuwa mzaha tu, na mchana alikuwa ameshausahau. Akaja amebeba kiti chake mwenyewe, akakaa, akasugua viganja. "Haya Serikali, leo umetuwekea nini?"

Nilikuwa nimewawekea daraja.

Walikuwa wamefika mtoni, hatimaye. Wakafurahi! Mama Nekesa akapiga kigelegele, kikamletea kikohozi. Nikawaambia kuna daraja la mbao, na katikati ya daraja kuna zimwi. Kijana wa maabara angenishika mkono hapo. Zimwi lile sikulipima. Nililiwekea pumzi kushinda pumzi za wote watatu zikijumlishwa. Nililiwekea ngozi isiyopenywa na mshale kwa urahisi. Na walipofika katikati, nikavunja mbao za nyuma yao.

Mama Nekesa akanitazama. "Sista, mbona unafunga njia? Tukishindwa tunakimbilia wapi?"

"Hakuna pa kukimbilia."

"Leo umekuwa mkali."

"Mto ndio mkali," nikasema.

Walipigana vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, na wakati huohuo sasa haliniumi tena, limekaa tu. Mishale ya Nabwire ikaisha. Maombi ya mzee yakaisha. Akabaki Chuma. Muli akauliza kama zile mbao zilizovunjika zina mwanya. Nikasema zina. Akasema, "Basi mimi sipigi kichwa. Narudi nyuma pole pole, nalivuta, mpaka mguu wake uingie kwenye mwanya." Akatupa dadu, mguu ukaingia. Zimwi likapiga goti. Mzee Etyang alikuwa amesimama bila kujua amesimama.

Muli akatupa dadu ya pili kwa pigo la upanga. Ikazunguka juu ya kile kimeza cha dawa, ikalala. Ishirini. Hakuna pigo kubwa kuliko hilo.

Nilikuwa nahesabu pumzi ya zimwi kichwani. Iliisha. Pamoja na uzito wote nilioliwekea, iliisha! Lilikuwa limekufa. Walishinda kwa haki.

Wote watatu walikuwa wananiangalia mdomo.

"Bado," nikasema.

"Bado?" Muli akauliza. "Na ishirini?"

"Bado limesimama."

Nikatupa dadu yangu nyuma ya kiganja. Mpaka leo sijui ilileta nini, kwa sababu sikuiangalia. Nikasema zimwi limemkamata Chuma shingoni. Nikasema limemtupa mtoni. Nikasema pumzi yake imeisha.

"Ngoja," Mzee Etyang akasema, "mimi nitamwombea."

"Maombi yako yamekwisha, mzee."

"Moja tu, Sista."

"Yamekwisha."

Muli hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Alikaa akiiangalia ile ishirini, kama mtu aliyefika mpakani na karatasi zake zote sawa halafu anaambiwa pamefungwa. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kwa hivyo nimekufa?"

"Umekufa."

"Haya." Akabeba kiti chake.

Sheria za mchezo zilikuwa na njia. Ningeweza kusema Chuma ameokotwa ukingoni akiwa hai. Nilikuwa nimepanga kusema hivyo kesho yake. Nilitaka kwanza aionje. Nilitaka usiku mmoja ajue serikali ya dadu ni nani. Eh, moyo wa mtu!

Asubuhi niliingia na trei ya sindano, kitanda chake kimetandikwa vizuri, blanketi limekunjwa kama jeshini. Mama Nekesa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda hicho, leso mabegani.

"Ameenda na mwenzake wa gari," akasema. "Nimemsihi. Akaniambia, Mama, nilikuwa nabaki nione mwisho wa ile safari. Sasa mwisho nimeuona."

Matroni alipouliza kwa nini mgonjwa amekimbia, nilimjibu, "Madereva ni wakaidi." Akatikisa kichwa. Akakubali. Ilikuwa rahisi hivyo.

Siku yangu ya mapumziko ilipofika nikaenda Malaba na vidonge vyake kwenye mfuko. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, imekaa siku kadhaa bila kusogea, watu wananing'iniza nguo kwenye vioo, wanapika chini ya magurudumu. Nilipita lori kwa lori nikichungulia. Wachuuzi wananifuata, "Dada, ndizi. Dada, simsim." Nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya gari lake, anakunywa uji. Amenyoa ndevu. Kioko alikuwa chini ya lori anagonga kitu.

"Sista!" Akaruka chini, akafurahi kama ndugu yangu. "Umeanza lini kazi ya mpakani?"

"Nimekuja kukuchukua, Muli."

"Unichukue unipeleke wapi? Niko sawa. Nimeongeza mwili, ona."

"Huko sawa. Dawa zako ni za mwaka mzima na zaidi. Unajua."

Akazungusha uji kwenye kikombe. "Ningekaa, Sista. Kweli kabisa. Watu hapa wananicheka nikiwaambia, lakini ule mchezo ulikuwa umenishika. Sasa nirudi nikaone nini? Mama na mzee wakicheza mimi nimekaa?"

"Utatengeneza mtu mwingine."

"Mwingine si Chuma." Akatabasamu, lakini aliangalia pembeni. "Wacha tu. Nilipiga ishirini na bado haikutosha. Mtu akipiga ishirini na haitoshi, si ni kuondoka?"

Maneno yalikuwa mdomoni kwangu. Zimwi lilikuwa limekufa. Ulishinda. Nilidanganya. Ningeyasema tu, angepanda gari la kwanza turudi naye, namjua. Yalikuwa mdomoni!

Nikaona Kioko ametoka chini ya lori anasikiliza. Nikaona wachuuzi. Nikaona vile Muli atakavyocheka, na vile atakavyowasimulia madereva wote wa Malaba kwamba Sista alimwibia mchezo. Nikayameza.

Badala yake nikamhubiria. Nikamweleza habari za mapafu, habari za kuambukiza watu, kwa sauti ile ninayotumia kwa wanafunzi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akapokea vidonge kwa mikono miwili. Akaninunulia ndizi ya kuchoma akaifunga kwenye karatasi nile njiani. Mbele huko injini zikaanza kunguruma, foleni ikasogea, akapanda, akagonga mlango mara moja kwa kiganja. Wakaenda.

Nilisimama pale na ndizi mkononi. Ni mimi niliyevunja mbao za nyuma, na sasa sikuwa na njia ya kumfuata.

Halafu vita vikaja, mpakani kukawa kelele na watu na mizigo, wodi ikajaa, nikafanya kazi. Sikupata habari yake. Mzee Etyang alimaliza dawa akaruhusiwa. Mama Nekesa pia. Mchezo niliufungia kabatini. Wagonjwa wapya hawakujua kama umewahi kuwepo.

Mwaka huu wameniletea mzee mmoja, mbavu zote nje, anakohoa. Nikauliza jina. Akasema Kioko.

Nilijua kabla sijauliza alikoambukizwa. Watu wawili, kichwa kimoja cha lori, vioo vimefungwa kwa baridi, safari baada ya safari.

"Muli yuko wapi?" nikamuuliza.

"Muli hatuko naye, Sista. Alitapika damu tukishusha mzigo Kampala. Vile vidonge ulimpa viliisha, akasema atapata vingine, hakupata. Niligeuza gari nimrudishe nyumbani. Hakufika Tororo."

Nikaandika jina la Kioko. Nikapima joto lake. Nikapima uzito wake. Nikamwonyesha kitanda. Sikukosea hata tarakimu moja, na hilo lilinitisha, halafu hata hofu hiyo ikaisha.

Tangu siku hiyo niko hivyo. Nakula, sionji. Kanisani wanaimba, nafungua mdomo nao. Matroni anasema nimetulia, nimekomaa. Nimekomaa! Kuna kitu kimezimwa ndani yangu na sijui aliyekizima amekiweka wapi.

Nilishindwa kukaa na jambo hili peke yangu, nikaenda Bukhayo kumtafuta Mama Nekesa. Nilimkuta uani anachambua pamba, amenenepa, mwenye afya. Alinikumbatia. Nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia yote, kutoka kucheka kwa matroni mpaka ile "bado". Nikamwambia Muli amekufa.

Vidole vyake viliendelea kutoa taka kwenye pamba.

"Siku ile nilijua umekasirika," akasema. "Kudanganya, hapana. Hilo sikujua."

"Nisamehe, Mama."

"Nabwire wangu uliyemwacha hapo darajani, nakusamehe. Mzee Etyang atakusamehe, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini ya Muli mimi sina, Sista. Nikisema ninayo nitakuwa nakudanganya na wewe." Akasukuma kikapu cha pamba kati yetu. "Nisaidie hii."

Nikamsaidia mpaka jua likageuka. Wakati naaga akaniuliza, "Huyo mwenzake umemwambia?"

"Bado."

Nilipolisikia hilo neno kutoka mdomoni mwangu, nikakaa chini tena. Akanishika bega tu mpaka nikaweza kuinuka.

Kesho yake nikamkuta Kioko verandani anaota jua. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. "Sista, wewe ndiye wa ule mchezo? Muli alinisimulia njia nzima. Fisi, kilima, yule mama wa mishale. Kila mara anafika darajani ananyamaza. Namwuliza, halafu? Anasema, halafu hakuna. Huko ng'ambo kulikuwa na nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia zimwi lilikufa kwa lile pigo, na Chuma alivuka.

Uso wake ukafunguka. "Kumbe alivuka!"

"Alivuka."

"Na yeye alijua?"

"Hapana. Nilimnyima. Hata siku ile pale Malaba, wewe umesimama hapo, nilimnyima."

Akanitazama. Sikuona hasira, wala sikuona kitu kingine. Akavuta blanketi, akageuza kiti chake kikaangalia ukuta. Anakuja kwa sindano kila asubuhi. Anameza vidonge vyote. Sauti yake sijaisikia tena, na sina haki ya kuidai.

Basi wewe unayesoma, sikia. Labda huna mchezo wala dadu. Lakini labda wewe ni mwalimu na watoto wako mbele yako, au msimamizi wa vibarua, au mzazi, na mkononi mwako umeshika uzito wa mambo ambayo mwingine atapambana nayo. Usiwahi kuyapima ukiwa na hasira. Weka chini, kanawe uso, rudi kesho. Na mtu akikushinda kwa haki, hata kama amekucheka mbele ya mkubwa wako, mwambie ameshinda. Mwambie hapohapo, kiti chake kingali mbele yako na yeye amekikalia.